Mashine ya CD ya Spring Valley

Siku niliyorudisha funguo za kabati la vyombo, Pauline wa kaunta aliniambia niwaandikie nyinyi mnaobaki dukani chochote kabla sijasahau, ili nisiende nyumbani na kazi yote kichwani. Nikamwambia kichwani mwangu hakuna kazi, kuna nyaya tu zimeshikana. Akacheka, lakini hakuniachilia. Haya basi. Mkitafuta humu habari za vyeo mtachoka bure, kwa sababu nilianza fundi nikamaliza fundi. Kilichobadilika ni kwamba mwanzoni waliniita Mbugua, na mwishoni nyinyi mkaniita mzee.

Nilikuja pale dukani, duka la kuuza na kutengeneza redio, nikitoka kwetu Mutuini, nikiwa na cheti cha ufundi wa redio na koti la baba. Fundi mkuu alikuwa Kalasinga mmoja, Bwana Gurdeep, mtu wa kilemba cha kijivu na maneno machache, aliyekaa chumba cha nyuma na chuma cha kulehemu mkononi kama vile mtu mwingine anavyokaa na kikombe cha chai. Nilidhani atanipa bisibisi. Akaniwekea redio mezani na kuniambia, "Usifungue. Kaa nayo."

Nikakaa nayo. Redio ilikuwa inasema vizuri kabisa. Nikaisikiliza asubuhi nzima, taarifa ya habari, salamu za wasikilizaji, matangazo ya vifo, huku nikijiuliza kama hii ni kazi ama nafanyiwa mzaha. Karibu na saa ya chakula akaja.

"Iko na shida gani?"

"Haina shida."

"Na mwenyewe ameleta kwa nini?"

Sikujua.

"Ameketi hapo nje kwa benchi tangu asubuhi. Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilipotoka kumuuliza akasema redio yake hulia kama nyuki kila jioni. Huwa unaiweka wapi jioni? Juu ya friji. Basi, nyuki ni mota ya friji; kazi ikaisha hapo, na hakuna skrubu iliyofunguliwa. Bwana Gurdeep akaniambia mashine haiishi dukani, inaishi kwa mtu, kwa hivyo kabla hujaifungua uliza kwanza inalala wapi. Nimeishi na neno hilo miaka yote, na bado kuna siku lilinitoroka, kama mtakavyoona.

Mnaniuliza sana kuhusu ule mkoba wangu. Ndani kulikuwa na mita, bisibisi za kila aina, pamba, chupa ya spiriti, kile kioo kidogo cha daktari wa meno cha kuchungulia pasipofikika, na mkebe wa majani chai uliojaa mipira. Mipira hiyo ndiyo ya kuzungusha kaseti. Ndani ya redio kaseti kuna mota, na kutoka kwa mota kuna kampira kembamba kanakovuta gurudumu linaloendesha utepe. Kampira kakilegea, kaseti inalegea. Mlinicheka nilipoendelea kubeba mkebe ule wakati hakuna mtu tena aliyeleta kaseti. Mlikuwa na haki ya kucheka, ila mkebe nimeenda nao.

Mashine za CD zilipoingia, Bwana Gurdeep hakuzipenda na hakuzichukia. Alifungua moja, akaangalia ile lenzi ndogo kama jicho la samaki, akafunga. Akaniambia, "Hii haichoki. Ikishindwa itanyamaza, au itarukaruka kama panzi. Lakini kuimba polepole, au kuimba haraka, hiyo haiwezi. Inasema vile imeambiwa." Nilishika hilo pia. Baadaye akastaafu, akaenda kukaa na mwanawe Kisumu, nami nikarithi kiti chake, ambacho kilikuwa na mguu mmoja mfupi.

Sasa tufike miaka ya elfu mbili, maana hapo ndipo mambo yalianza kunichanganya. Mwenye duka wakati huo alikuwa ameshakuwa Jitubhai, mtoto wa mwenye duka wa kwanza. Aliamua tuache redio za bei ya chini, tuuze vyombo vya maana: amplifaya peke yake, spika peke yake, mashine ya CD peke yake. Mashine zenyewe zilikuwa nzito, uso wa fedha, vidude vitatu au vinne tu, na droo iliyotoka polepole bila kelele. Wateja wengi walishtuka. Mama mmoja wa Lavington alizunguka moja akiitazama mbele na nyuma, akaniuliza redio iko wapi. Nikamwambia haina redio. Kaseti? Haina. Taa zile za kupanda na kushuka? Hazipo. "Kwa hivyo ninalipia vitu ambavyo haina," akasema.

Halafu kulikuwa na wale waliosikia. Hao ndio walionitesa. Daktari mmoja alinunua waya wa spika mnene kama mpira wa kumwagilia maua, tukaufunga kwake, akafumba macho akasema, "Mbugua, unasikia hiyo hewa kati ya vyombo?" Nikasema nasikia. Nilikuwa nasikia wimbo ule ule. Mwingine aliweka mashine yake juu ya jiwe la marumaru akasema besi sasa imesimama wima. Niliinama, nikasikiliza besi, sikujua ilikuwa imelala lini. Asiyejua maana haambiwi maana, nikajiambia, labda sikio langu limejaa moshi wa risasi ya kulehemu. Nilirudi nyumbani kila siku nikiwa sijui kama mimi ndiye kiziwi au wao ndio wameuziwa upepo.

Nikaamua nijaribu mwenyewe. Kulikuwa na mashine moja iliyochomwa na stima, mwenyewe akaiacha, Jitubhai akanipa. Nikaitengeneza, nikaipeleka Mutuini, nikaifunga sebuleni, nikamwita mke wangu Wambui. Nikaweka CD ya kwaya. Akasikiliza akiwa amesimama na mwiko mkononi. Nikamuuliza, unasikiaje? Akasema, "Ni kama redio, ila haina mtu wa kusema saa ni ngapi." Akarudi jikoni. Mimi nikabaki pale, na nikiri kwamba nilisikia kitu: msichana mmoja wa sauti ya pili alivuta pumzi kabla ya kuanza. Kwenye kaseti sikuwahi kumsikia akivuta pumzi. Sikujua nifanye nini na habari hiyo. Nilimweleza Wambui wakati wa chakula, akasema ni kawaida ya watu kuvuta pumzi.

Katika hali hiyo ya kutojielewa ndipo akaja Mzee Manubhai.

Alikuwa ameuza vitambaa mjini maisha yake yote, akafunga duka, akabaki nyumbani kwake Spring Valley na mkewe, Mama Kantaben. Alikuja akiwa na kaseti moja imefungwa kwa leso. Aliifungua leso polepole juu ya kaunta, akaniambia kwa Kiswahili chake cha dukani, "Fundi, hii ni mama. Ya pili haiko."

Akanieleza. Mama Kantaben alikuwa mwimbaji wa bhajan, zile nyimbo zao za dini, si wa jukwaani, wa nyumbani tu. Jioni watu wa mtaa walikuja, wakaketi sakafuni, yeye akaimba akijichezea harmoniamu, kile kinanda cha upepo ambacho mkono mmoja unabonyeza vidude na mwingine unasukuma ubao wa nyuma ili kipumue. Shemeji yao mmoja aliwahi kumrekodi jioni moja, zamani, watoto wakiwa bado wadogo. Basi. Kisha mama akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka yote. Akawa anaelewa, au daktari alisema anaelewa, lakini hakuna neno lililotoka.

"Kila asubuhi baada ya chai mimi naweka hii," mzee akasema. "Sasa imeanza kulia kwirikwiri. Ikikatika, mimi nimebaki na mama hasemi na kaseti hasemi. Weka kwa CD. Na nipe mashine ya kwanza kabisa, ile haiharibu sauti."

Nilimwonea huruma, na nilifurahi pia, maana hatimaye nilipata mteja aliyejua anachotaka kusikia. Kazi niliifanya mwenyewe. Redio kaseti ya pale dukani niliitunza kama yai, nilikuwa nimeipima wiki ile ile. Nikaweka kaseti, nikaipitisha kwenye kompyuta, nikachoma CD. Sauti ilikuwa nyembamba, safi, ya kupanda bila kujikaza. Katikati ya wimbo wa pili mbwa alibweka na mtoto akacheka. Nikasema moyoni, huyu mama alikuwa anaimba kweli.

Nikapeleka mashine na kaseti yake Spring Valley. Nyumba ya zamani, sakafu ya mbao, maua ya bougainvillea yamefunika geti. Mama Kantaben alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, shali mabegani, mkono wa kushoto juu ya blanketi. Nilimsalimu, akanitazama. Nikafunga nyaya, nikaweka CD, droo ikaingia. Harmoniamu ikaanza na noti moja ndefu, kama wafanyavyo waimbaji wa bhajan, kisha sauti ikaingia.

Mzee alikuwa amesimama katikati ya chumba. Alisikiliza kidogo, akageuka.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama, mzee."

"Huyu si mama. Huyu ni msichana."

Nilidhani ni mshangao wa kawaida, watu wengi hushangaa wakisikia CD mara ya kwanza. Nikamwambia ni usafi wa sauti, atazoea. Akatikisa kichwa. Mbwa akabweka, mtoto akacheka. Nikamwambia, sikiliza mzee, huyo si mbwa wenu?

"Mbwa ni wetu," akasema. "Mwanamke si wetu."

Jamani. Nilirudi dukani na maneno hayo yakizunguka kichwani. Jitubhai akasema nimechanganya kaseti. Nikamwambia hatukuwa na kaseti nyingine ya mteja hata ya dawa. Akasema basi mashine ni mbovu. Nikamwambia mashine ya CD haiwezi kumgeuza mama kuwa msichana. Akanitazama kwa njia iliyosema kwamba mteja aliyelipia mashine kama ile akisema ni msichana, basi ni msichana. Akaniambia nipeleke nyingine.

Nikapeleka nyingine, ya bei ya juu zaidi. Nikapeleka na ule waya mnene kama mpira wa maji, nikiona haya. Msichana alikuwa yule yule. Nikasogeza spika, nikabadilisha soketi ya stima, nikapima volti. Mzee alikuwa ameketi sasa, mikono magotini, na kila nilipobonyeza alisikiliza kwa bidii kama mtu anayepokea simu kutoka mbali, kisha akakata tamaa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Aliniambia, "Fundi, mimi naogopa. Kwa kaseti ako sawa, lakini kaseti inakufa. Kwa mashine yako hatakufa, lakini hayuko."

Siku hiyo nilishukia Adams Arcade, nikanunua chai na andazi, nikakaa. Nikafikiria: diski haiwezi kukosea mwendo. Redio kaseti ya dukani nimeipima. Mbwa ni wao. Na mume wa mtu anasema mkewe si mkewe. Je, kiharusi kimempata na yeye? Nikafikiria hata kwamba shemeji alirekodi mwanamke mwingine nyumbani kwao na wao wakasahau. Mtu akichanganyikiwa hufikiria mengi. Chai ilikuwa imepoa nilipomkumbuka Bwana Gurdeep na swali lake. Nilikuwa nimeuliza mashine ya CD italala wapi. Kaseti sikuiuliza imelala wapi miaka hii yote.

Nikarudi Spring Valley. "Mzee," nikamwambia, "nionyeshe vile wewe humsikia."

Akanipeleka chumba kidogo cha maombi, penye picha za miungu yao na harufu ya ubani. Kwenye rafu kulikuwa na redio kaseti ya zamani, imefutwa vumbi vizuri. Akaweka kaseti kwa vidole viwili, akabonyeza.

Sijui nieleze vipi. Wimbo ulikuwa ule ule. Mbwa alibweka, ila sasa alikuwa mbwa mkubwa, mzee, aliyechoka. Mtoto alicheka kicheko cha mtu mzima. Na sauti iliyoimba ilikuwa ya mama wa makamo, nzito, yenye subira, iliyo chini mahali ambapo msichana alikuwa juu. Mzee alikuwa anatikisa kichwa taratibu na macho yamelowa.

"Huyu ndiye mama," akasema.

Nilimwomba ruhusa nikaifungua ile redio. Kampira kalikuwa kamelegea kama lastiki ya chupi kuukuu. Mota ilikuwa inazunguka vizuri, kampira kanateleza, gurudumu linafuata likipenda. Kaseti ilikuwa inaenda polepole, na sauti ikienda polepole huwa inashuka, inakuwa nzito. Nikamweleza yote hayo, nikamwonyesha kampira, nikakavuta akaona. Nilijisikia fundi tena.

Mzee akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo yangu inaenda polepole," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Nani alisema? Labda yenu inaenda haraka."

"Yetu nimeipima."

"Umepima na kitu yenu. Mimi nimepima na masikio yangu, kila asubuhi. Wewe uliwahi kumsikia mama akiimba?"

Sikuwahi. Na hapo, jamani, fundi nikaisha. Alikuwa na haki. Nilikuwa na mita na kaseti ya majaribio ya kupimia mwendo, yeye alikuwa na ndoa. Nilisimama katika chumba kile nikishikilia kampira na sikuwa na hakika tena hata kwamba dukani kwetu kitu chochote kinaenda sawa.

Nikakarudisha mahali pake, nikafunga redio, tukarudi sebuleni, yeye amebeba redio yake kifuani. Mlango ulikuwa wazi muda huo wote, kwa hivyo Mama Kantaben alikuwa amesikia sauti zote mbili, na mabishano. Tulipoingia akatoa sauti, si neno, na akainua mkono wa kushoto akaelekeza kona ya chumba. Mzee akamletea maji. Akayasukuma. Mzee akafungua pazia, lakini mama hakutaka. Akatikisa kichwa. Mimi nikazima taa ya kona, nikiwaza inamuumiza macho. Akatazama juu kama mtu anayemwomba Mungu ampe watu wengine. Mkono ukaendelea kuelekeza. Pale konani kulikuwa na kitu chini ya kitambaa cha kudarizi, na juu ya kitambaa kulikuwa na picha za wajukuu.

"Harmoniamu?" mzee akauliza. "Unataka harmoniamu?"

Mkono ukashuka.

Tukatoa picha, tukatoa kitambaa, tukaiweka kwenye meza ndogo mbele ya kiti chake, tukaigeuza mpaka ubao wa nyuma ukafika mkono wake. Akaushika. Akausukuma mara moja, kinanda kikapumua bila kusema, maana hakuna aliyebonyeza. Akamtazama mumewe.

"Mimi sijui hii," mzee akaniambia, kama mtu anayejitetea. "Mimi niliuza vitambaa. Hii ni kitu yake, sijawahi kugusa."

Lakini mimi nilikuwa nimeshaelewa. Kinanda kile ndicho kilichokuwa kwenye kaseti. Ndani yake kuna vipande vya shaba vinavyotoa sauti, na vipande vya shaba havilegei kama mpira. Kile ndicho kipimo ambacho hakikuwa changu wala chake. Nikamwambia, "Mzee, nitaweka ile noti ndefu ya mwanzo. Wewe bonyeza kimoja kimoja mpaka upate inayofanana."

Tukaanza na kaseti yake, kwa heshima. Noti ikatoka, nzito. Mama akasukuma ubao. Mzee akabonyeza kwa kidole kimoja, akienda kama kuku anayedonoa. Hii iko chini. Hii iko juu. Akarudi. Iko chini. Akajaribu kale keusi ka kati. Bado juu kidogo. Akarudia mara nyingi. Noti ya kaseti ilikuwa inaangukia katikati, mahali ambapo hakuna kidude. Kinanda kile hakikuwa na sauti hiyo. Hakikuwahi kuwa nayo.

Kisha nikaweka CD. Noti ikatoka. Mzee akabonyeza, akakosea, akabonyeza kinachofuata, na sauti mbili zikawa moja. Hukuweza kujua ipi inatoka kwenye spika na ipi inatoka mezani. Mama Kantaben akaendelea kusukuma. Mzee hakuinua kidole. Kwenye spika yule msichana akaanza kuimba, na kinanda kilikuwa chini yake, kinalingana naye sawasawa.

Aliponyanyua kidole alikaa chini kwenye zulia. Mtu wa umri ule.

"Basi miaka hii yote," akasema, "nilikuwa nasikiliza nani?"

Aliniuliza mimi, na nilitaka sana kumjibu. Nimefikiria jibu lake miaka kadhaa sasa. Kampira kalilegea kidogo kidogo, huenda miaka ile ile wao walipokuwa wakizeeka, kwa hivyo kila asubuhi sauti ilizeeka kidogo, naye hakuona ajabu, kwa sababu aliyemletea chai pia alikuwa anazeeka kidogo. Nikiwaza hivyo nasikia uchungu, lakini nasikia pia kama redio ile ilifanya kazi nzuri, na fundi haruhusiwi kusema hivyo kuhusu redio mbovu. Siku hiyo nilimwambia tu, "Ni yeye, mzee. Wote ni yeye." Sijui kama ni kweli.

Mkebe wa mipira ulikuwa mkobani. Nikamwambia naweza kurekebisha redio yake hapo hapo, ni kazi ya muda mfupi. Akaiwekea mkono juu.

"Hiyo wacha," akasema.

Nikaiacha. Nilikuwa nimeanza kukunja nyaya nilizoleta bure nilipomsikia mama tena akisukuma ubao. Kinanda kikapumua tupu. Akasukuma tena, akimtazama mzee pale chini, na uso wake upande ule unaosogea ulikuwa unacheka. Mzee akajiinua kwa kushika meza. Akabonyeza kile kidude alichokijua. Mama akatikisa kichwa. Akabonyeza cha pili yake. Mama akatikisa kichwa. Cha tatu, mama akasukuma kwa nguvu, kikalia, na mzee akakaa kwenye kigoda akavuta kinanda karibu. Hapakuwa na wimbo. Kulikuwa na kidole kimoja cha muuza vitambaa kikitafuta wimbo, na mkono mmoja ukimkubalia au kumkatalia.

CD ilikuwa bado inaimba nyuma yao, vizuri kabisa, hadi pumzi zake ulizisikia.

"Fundi," mzee akasema bila kugeuka, "zima hiyo, tafadhali. Inatuchanganya."

Nikaizima. Nikachukua mkoba, nikajifungulia mlango mwenyewe.

Jitubhai alikuwa kaunta. Akaniuliza, "Spring Valley, wanarudisha mashine?"

"Hawarudishi."

"Kwa hivyo iko sawa?"

"Iko sawa kabisa."

"Na sasa wanasikiliza?"

"Hapana," nikasema. "Wameizima."

Nilijaribu kutafuta namna ya kumweleza nikaona itatuchukua mpaka kufunga. Akaniambia niende nikale kwanza.